Barua ya Wazi kwa Mzee Kifungu cha 217

Mzee wangu, Kifungu cha 217,
Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote kwa kuwa umenizidi umri. Waingereza walikuleta mwaka 1945, wakafungasha virago wakarudi kwao, wewe ukabaki kutulea.

Huku Mugeta, Bunda, malezi yako tunayaona. Jirani yetu alijaribu kujiua, akawahiwa. Mama mmoja wa jirani akakesha naye, kigoda mlangoni, kikombe cha uji mkononi. Hakumhubiria, hakumuuliza umekosa nini. Kila baada ya kitambo alisema tu, "Nipo. Kunywa kidogo." Kulipokucha akasema, huyu twende naye zahanati.

Hapo ndipo ulipoingia wewe, mzee, bila hodi. Shemeji mtu akanong'ona: "Wakitaka fomu ya PF3, polisi tutawaambia nini?" Maana kwako kujaribu kujiua ni kosa, na mkosaji aweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtu kachoka kuishi, wewe unamtisha kwa jela! Basi tukakubaliana mgonjwa ana malaria. Kipimo kikasema hana. Mganga akatutazama, sisi tukatazama ndala zetu.

Sikulaumu, hukupewa habari za nyumbani. Waliokuzaa walilifuta kosa hilo kwao Agosti 1961, miezi minne kabla ya kutukabidhi Uhuru wetu. Na Januari 2025, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka kwamba pacha wako, Kifungu cha 226, anakwenda kinyume cha Katiba. Pole kwa msiba.

Hapa kwetu unaishi nyumba moja na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ambayo inataka mgonjwa wa namna hii atibiwe. Sijui asubuhi mnasalimiana vipi. Hospitali ya Mirembe nayo iko Dodoma tangu 1927, inakutangulia kuzaliwa. Ila kutoka Bunda hadi huko ni safari, na jirani anayeogopa pingu hafiki hata stendi.

Mganga, Mungu ambariki, hakuuliza zaidi. Kwenye daftari la mgonjwa aliandika "uchovu", akamwambia yule mama asimwache peke yake. Mama bado anampelekea uji kila jioni. Mgeni akiuliza mwenye nyumba anaumwa nini, mama hutazama kwanza kama amevaa sare.

Ni mimi,
shahidi wa ile malaria,
Mugeta.