Mbuzi wa Kwenye Flopi

Baba mdogo hajawahi kutupa kitu kilichowahi kuwa na bei. Juu ya kabati lake, chini ya kitambaa cha kufuma, imekaa Macintosh Plus aliyorudi nayo kutoka masomoni Uingereza, na pembeni yake kopo la biskuti lililojaa diski za inchi tatu na nusu. Kompyuta yenyewe ukiiwasha inatoa harufu ya kuungua, basi. Lakini diski ziko salama, anasema, na ndani yake mna kumbukumbu za ukoo. Kazi ya kuzitoa nikapewa mimi kwa sababu nimesomea kompyuta. Nimesomea uhasibu, ila kwetu mwenye laptopu ameshahitimu.

Nikaingia Kariakoo kutafuta draivu ya flopi ya USB. Muuzaji mmoja alinishauri kwa upole ninunue flashi tu, “mambo ya kisasa, mzee wangu.” Sijafika hata arobaini. Sony, waliozibuni diski hizi, waliacha kuziuza Japani mwaka 2011, lakini Kariakoo haijapata barua hiyo; draivu nikaipata, ndani ya boksi la pasi.

Nikasukuma diski ya kwanza. Laptopu ikakoroma, ikatafakari, ikauliza: diski hii haijafomatiwa, ungependa kuifomati? Yaani imeshindwa kusoma, kwa hiyo inaomba ruhusa ya kufuta. Baba mdogo, aliyeketi nyuma yangu na chai yake, akasema, “Bonyeza ndiyo, mwanangu, tusiicheleweshe.” Nikamdaka mkono hewani.

Diski ilikuwa nzima kabisa. Draivu za kompyuta za kawaida huzungusha diski kwa mwendo mmoja, mizunguko 300 kwa dakika, ukingoni hadi ndani. Ile ya Macintosh Plus ilikuwa na tabia za dereva wa daladala: njia za nje inajikongoja, ikikaribia katikati inakanyaga mafuta, kutoka karibu mizunguko 400 hadi karibu 600. Yote hiyo ni kujaza abiria. Njia za nje zilipakia sekta 12, za ndani 8, na diski ambayo kwa wenzao wa IBM ilibeba kilobaiti 720 ikabeba 800. Kilobaiti 80 za ziada! Kwa hizo tu, Apple walituachia sisi wajukuu mgogoro. Saketi za draivu yangu zilijua mtindo wa IBM peke yake, na hakuna programu ambayo ingezibadilisha mawazo.

Fundi wa jirani alipendekeza tupasue ganda tutoe “CD ya ndani.” Nikamshukuru, nikaondoka na kopo langu.

Aliyetuokoa ni mzee wa uchapaji mtaa wa pili, ambaye hadi leo anatengeneza kadi za harusi kwa Power Macintosh ya miaka ya tisini. Draivu ya mashine ile inaweza miendo yote miwili: inasoma diski ya kilobaiti 800, kisha inaandika ile ya megabaiti 1.44 ambayo hata laptopu yangu inaikubali. Faili zilikuwa za MacWrite. LibreOffice ikazifungua bila kinyongo.

Kumbukumbu za ukoo zilikuwa ukurasa mmoja na nusu: ahadi za michango ya harusi ya shangazi, mwaka 1991. Nani aliahidi, nani ametoa, nani “atatoa mwisho wa mwezi.” Marehemu babu alimaliza. Mjomba: mbuzi jike mmoja, hajaleta.

Kabla sijafika nyumbani, orodha ilishatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba anashikilia kwamba mbuzi alifika, ila taarifa zake zimepotea wakati wa kuhamisha, na ananitaka mimi, mtaalamu, nithibitishe kwamba flopi huwa zinafanya hivyo. Shangazi hakubishana naye. Ametuma ujumbe wa sauti, anauliza tu: mbuzi jike wa 1991, akizaa kila mwaka, na watoto wake wakizaa, leo ni mbuzi wangapi?