Bima Yako ni Shemeji

Simama Mlowo, wilayani Mbozi, kando ya barabara ya TANZAM, utazame bodaboda wakijipenyeza kati ya malori yanayoelekea Tunduma, wamepakia abiria wawili na kiroba cha unga, kisha uniambie kwamba watu hawa hawana bima. Wanayo. Lori lina kampuni nyuma yake, bodaboda ana shemeji. Ajali ikitokea, hata hogo halijakauka mguuni, group la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa na namba ya kutumia pesa imebandikwa juu. Shemeji hakusaini fomu yoyote wala hakuulizwa kama pikipiki ina breki, ila kudaiwa anadaiwa. Asiye na bima kabisa ni wa kutafuta kwa tochi. Tulio wengi tunayo, ada tu ndiyo tumewaachia wengine walipe bila kuwaarifu.

Utaambiwa pesa hakuna. Lakini bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilipokuwa ikitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, wapo walioiona ghali huku wakichangia zaidi ya hapo harusi moja ya mtu wasiyemfahamu vizuri. Bima ndogo ya chombo cha moto, ambayo sheria inailazimisha, nayo imegeuzwa dawa ya trafiki: inakatwa ili askari akiangalia kwenye simu yake asiikose. Kwamba kazi yake ni kumlipa uliyemgonga, na kwamba pikipiki yako iliyopinda haiihusu hata kidogo, watu huja kulijua hilo wakiwa wameshakaa mtaroni.

Hoja yenye uzito ni kwamba kampuni zina mizunguko: nenda rudi, leta fomu ya polisi, njoo Jumatatu. Ndugu hutoa siku hiyohiyo. Ni kweli, na kwenye msiba sijaona kampuni inayomfikia jirani mwenye sufuria kubwa. Ila kampuni hukusanya ada kuanzia Kagera hadi Mtwara, hivyo mkosi wa Mbozi hauifilisi. Ndugu zako wote wanategemea mahindi na kahawa, shamba kwa shamba. Bei ikianguka, ukoo mzima unaishiwa wiki moja, na ujumbe wa mchango unasomwa na watu arobaini, anajibu mmoja tu, kwa picha ya mikono iliyofumbatana.