Picha Haina Mtu, ya Nini?

Mkazi wa Mwanza anaweza kuzeeka akikitazama Kisiwa cha Saanane kila asubuhi na asikikanyage hata siku moja. Kipo hapo hapo, ng'ambo ya Capri Point, boti inafika kabla hujamaliza kusimulia ulivyoamka. Anayekijua vizuri ni Mjerumani aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Mwenyeji ukimuuliza atakuambia, "Tutaenda tu," kwa sauti ile ile anayomjibia mtu anayemdai.

Sisi tulikwenda kwa sababu ya shemeji. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni Mzaramo wa Temeke, mpiga picha za harusi kwa kazi. Alikuja kwetu likizo na kamera yenye lenzi ndefu, akatangaza sebuleni kwamba hataondoka Kanda ya Ziwa bila kupiga picha ya simba. Wazaramo ni watani wa Wasukuma tangu enzi za misafara, kwa hiyo nina ruhusa ya kimila kueleza yaliyomkuta bila kupunguza chochote.

Simba wapo Serengeti, na geti la Ndabaka liko kwenye barabara hii hii yetu ya kwenda Musoma. Lakini Serengeti inataka gari, mafuta, na kiingilio cha ukoo mzima, na ukoo wenyewe ulikuwa umetoka kuchangia harusi mfululizo. Saanane ina kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Serengeti ingeimeza zaidi ya mara elfu sita na bado ikasikia njaa. "Hifadhi ni hifadhi," akasema mume wangu, na kwa kuwa pochi ilikuwa mfukoni mwake, mjadala ukafungwa.

Kabla ya kuwa cha wanyama, kisiwa kile kilikuwa cha mtu. Mzee Saanane Chawandi aliishi pale akivua na kulima. Mwaka 1964 serikali ikakifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania na iliyo ndani ya jiji. Wavuvi wangapi wa ziwa hili wana hifadhi ya taifa yenye jina lao? Shemeji aliposimuliwa habari hizi aliuliza jambo moja tu: kama siku mzee anahama kulikuwa na mpiga picha.

Matatizo yetu hayakuanzia kisiwani, yalianzia kwa fundi cherehani. Mdogo wangu alikuwa ameamua kwamba familia haiwezi kwenda kupigwa picha bila sare. Tukashonewa kitenge kimoja wote, watoto kaptula, wanaume mashati, Mama gauni la heshima, na yeye mwenyewe mshono wa mkia wa samaki, ule unaobana mpaka magotini kisha unafunguka. Nilimwambia tunakwenda kupanda miamba. Akanijibu kwamba hata Bugando kuna mlima na watu wanapanda wamependeza.

Kusuka, kupiga pasi na kumtafuta mtoto aliyejificha na kiatu kimoja kulitufikisha kwenye gati jua likiwa limeshapanda. Shemeji alihuzunika sana. Mwanza iko chini kidogo tu ya ikweta, na saa sita mchana jua linasimama utosini. Macho ya mtu kwenye picha yanageuka mashimo mawili na pua inatupa kivuli kwenye mdomo. Alitaka mwanga wa asubuhi. Mkewe akamwambia mwanga wa asubuhi angeupata kama angesaidia kupiga pasi.

Kisha tukavalishwa majaketi ya kuokolea maisha. Mwanza hakuna mtu wa rika la Mama anayepanda chombo bila kuikumbuka Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu. Hakubishana na jaketi. Aliomba la pili. Mambo ya sare yakaishia hapo: ukoo mzima, mita zote zile za kitenge, ukawa rangi ya machungwa kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya Mama na mkwewe. Mama ni wa kizamani, kazaliwa Magu, na kwake mkwe haangaliwi usoni, haguswi, wala hasemeshwi moja kwa moja. Akiwa na neno anamtuma mjukuu, hata kama mkwe mwenyewe yuko umbali wa mkono. "Mwambie baba yako chai inapoa." Mtoto anasema, "Baba, chai inapoa." Shemeji naye anajibu, "Mwambie Bibi, ahsante." Nyumbani utaratibu huu unakwenda vizuri. Kwenye boti nyembamba, Mama akiwa amekaa mbele, maana yake ni kwamba shemeji asafiri amekipa mgongo kila kitu tulichokwenda kukipiga picha. Akabaki na nahodha peke yake. Nahodha yule siku ile alilengwa na lenzi kuliko bwana harusi.

Tulipokelewa na askari wa hifadhi, kijana mtaratibu. Mama akamwamkia, "Mwangaluka," na yeye akaitikia, "Mwangaluka, mayu," na kuanzia hapo Mama akamchukulia kuwa mwanawe na sisi wengine kuwa wageni wa mwanawe. Kijana akatueleza masharti: tusiwalishe wanyama, tusiache taka, tusitoke kwenye njia, na mikoba tuifunge. Sharti hili la mwisho lilimhusu mume wangu, aliyebeba chakula, na yeye ndiye aliyekuwa mbali akitafuta mtandao.

Tumbili hakukurupuka. Alishuka kwenye mti kama karani anayekuja kukagua hesabu, akakaa mbele ya mkoba, akaingiza mkono. Kulikuwa na vitu vya aina mbili humo: biskuti alizokuja nazo shemeji kutoka Dar es Salaam, na matobolwa ya Mama, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikakauka. Tumbili alichukua tobolwa moja, akalinusa, akalirudisha. Akaondoka na biskuti zote. Mama alimtazama akipanda mtini, halafu akamgeukia mjukuu. "Mwambie baba yako, mtani wake amechagua vya kwao."

Tukaanza kupanda. Miamba ya Saanane ni ile ile ya Mwanza nzima, majabali ya mviringo yaliyopandana utadhani kuna mtu aliyapanga halafu akaitwa kula. Pimbi wanaipanda bila shida, kwa sababu nyayo zao zina unyevunyevu unaonata kwenye jiwe. Mdogo wangu hakuwa na nyayo za namna hiyo, na mkia wa samaki ulimruhusu hatua ya inchi chache. Alipanda kwa kurukaruka, miguu pamoja, mpaka mshono ukaamua wenyewe. Sauti ilisikika. Swala waliokuwa wakilisha chini waliinua vichwa. Khanga ya akiba ikatoka mkobani, maana mwanamke wa Kitanzania hasafiri bila khanga, na mambo yakaendelea.

Mama alifika mahali mwamba unapoinuka kidogo, akasimama. Askari alikuwa amekwenda mbele na watoto. Mume wangu alikuwa nyuma akimbembeleza mdogo wangu. Mimi nilikuwa chini ya Mama, nimemshika kisigino. Aliyekuwa juu, mahali pekee pa kumvuta, ni shemeji. Akanyoosha mkono. Mama akautazama mkono ule. Shemeji akakumbuka, akaurudisha. Pakawa na ukimya wa heshima kubwa sana, huku magoti yangu yakitetemeka.

Ndipo akapata akili. Alichukua ile stendi ya kamera yenye miguu mitatu, akashika upande wake, akamteremshia Mama upande wa pili. Mila haijasema lolote kuhusu kushikana kwa kupitia chuma. Mama akashika mguu wa stendi kwa mikono miwili, na shemeji akavuta. Watengenezaji wa stendi hizo wameziwekea miguu ya kurefuka. Shemeji alirudi nyuma hatua, stendi ikarefuka hatua, na Mama akabaki pale pale. Akarudi tena, ikarefuka tena. Ilipofika mwisho wa urefu wake yeye alikuwa kashafika kwenye kichaka, haonekani ila miguu, anapiga kelele "Nimemshika Mama!" na Mama, bila kuiachia stendi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwambieni asogee, ana siafu mguuni." Ni kweli. Alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu.

Hatimaye askari alirudi, akambeba Mama mgongoni kwa urahisi unaoudhi.

Juu kuna upepo na jiji lote. Unaiona Capri Point, Bugando na hospitali yake kilimani, nyumba za milimani zilizojibanza katikati ya mawe, vivuko vikienda na kurudi, na ziwa lenyewe likiishia mahali ambapo macho yanakata tamaa. Ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, karibu kilomita za mraba 68,800, na Speke alipoliona akiwa upande huu wa Mwanza mwaka 1858 alilipa jina la malkia wake bila kuuliza wenyeji wanaliitaje. Shemeji akainua kamera. Akabonyeza. Kamera ikakataa. Kadi imejaa.

Ilikuwa imejaa harusi. Kabla ya siku ile ya kisiwani alikuwa amepiga sherehe ya wateja fulani wa huku huku kwetu, na kazi ilikuwa haijasafishwa wala kulipwa yote. Hakuwa na kadi nyingine. Ikabidi kufuta, na kwa kuwa kufuta picha za harusi ya watu ni jambo zito, alitaka mashahidi. Basi tukakaa juu ya mwamba, migongo yetu kwa Ziwa Victoria, tukaitazama ile harusi kwenye kioo kidogo cha kamera.

Nikisema kweli, hiyo ndiyo sehemu iliyotuchangamsha kuliko zote. Mandhari ilitulia nyuma yetu bila mtazamaji. Bwana harusi alikuwa amenuna, na Mama akataka kujua mahari ilikuwa kiasi gani. Kulikuwa na kamati iliyovaa waridi na buluu. Kulikuwa na ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, kapigwa picha kila upande, na shemeji alipotaka kuipunguza Mama akapiga marufuku: "Mwambie, nyama ile watu wameichangia." Mwishowe aliyetolewa kafara ni shangazi mmoja wa bwana harusi aliyekuwa akila keki amefumba macho. Akafutwa yeye, yakafutwa na maandamano ya kuingia ukumbini, tukapata nafasi ya kutosha.

Shemeji akageukia ziwa, lakini Mama akamzuia kwa kupitia mjukuu. "Picha haina mtu, ya nini?" Niko upande wake hapa. Nimeona kalenda nyingi za machweo matupu, na sijawahi kuona mtu akimwita jirani aje kutazama. Tukapangwa kama kwenye harusi, warefu nyuma, kidevu juu, bega chini. Mama hakucheka, maana watu wa rika lake walijifunza kupigwa picha studio, kwa fedha, na mtu hachekecheki akiwa ameshalipia. Nywele za mdogo wangu ziliruka na upepo zikanifunika uso. Hiyo ndiyo picha ya familia iliyopo ukutani kwangu.

Nafasi zilizobaki zilimwendea mjusi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe akipiga pushapu: kichwa na kifua rangi ya waridi iliyokolea, mwili uliobaki buluu. Anayevaa hivyo ni dume. Jike ni wa kahawia tu. Zile pushapu anapiga ili kuwatisha madume wenzake na kujionyesha kwa majike. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na huko duniani wanamsifu kwa kufanana na Spider-Man, wakati sisi tulikua tukimrushia mawe. Alikaa kwenye pozi kwa uvumilivu ambao sisi hatukuwa nao. Shemeji alimpiga picha kwa mapenzi, akimwambia, "Geuka kidogo, bosi. Hapo hapo." Simba alisahauliwa kabisa.

Kurudi kulikuwa na mawimbi, na yaliyotokea kwenye boti hayaandikiki.

Shemeji alipomaliza likizo aliiacha kadi nzima kwa kijana mmoja wa kutengeneza albamu, ili wateja wachukue kazi yao, yeye akapanda basi la Dar es Salaam. Kijana yule hakujua kisa cha kisiwani. Aliona kamati ya waridi na buluu, akaona kiumbe cha waridi na buluu, akaamini ni sehemu ya mapambo ya ukumbi, akakipa ukurasa mzima. Shangazi alikuja juu kweli kweli akitafuta picha yake na keki. Mjusi hakuulizwa na mtu.

Kwa hiyo wewe uliyeolewa Mwanza kwa rangi hizo, kama albamu yako ina mjusi baada ya ukurasa wa zawadi, usimtoe. Ni mkazi halali wa hifadhi ya taifa. Na kama bado unasema "tutaenda tu", nenda; funga zipu ya mkoba, na mshono wa mkia wa samaki uache nyumbani.