Bafle za Lubunga

Mtu akikuambia kwamba muziki wa zamani hauna gharama, muulize kama amewahi kuununulia umeme. Simu yangu ina nyimbo za Franco za kukesha nazo matanga mawili, na sikutoa hata faranka moja kuzipata. Lakini rumba ya kwenye simu ina kasoro ambayo vijana wetu hawaioni: haijazi nyumba. Besi unaikisia tu. Mpe simu hiyo mzee aliyecheza kwenye baa za hapa Kisangani miaka ya sabini, atasikiliza kidogo, atakunja uso, kisha atakuuliza: "Na wengine wa orkestra wamekwenda wapi?"

Ndiyo maana zamu yangu ya likelemba, upatu wa walimu, ilipofika, niliomba ruhusa nyumbani nitoe dola 150 kununua mtambo wa zamani ulio kamili: gramafoni ya santuri, ampli na bafle mbili, yaani spika. Mama watoto, aliyekuwa akiwaza mabati ya jikoni, alikubali kwa masharti mawili. Kwanza, dola hizo 150 zisizae nyingine. Pili, chochote kitakachoingia sebuleni kisiingie na mende. Sharti la kwanza halikufika mwisho wa mwezi. La pili nitalisimulia.

Gramafoni tuliipata chini ya kitanda cha familia moja ya Makiso, hapa mjini, imefungwa kwenye gunia la mchele. Ilikuwa Lenco L75 ya Uswisi, aina iliyotoka mwaka 1967, yenye sahani ya chuma ya kilo nne hivi. Ikikuangukia mguuni, muziki umekwisha. Wenyewe walidai babu yao aliinunua kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyefungasha haraka baada ya Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire. Ushahidi hawakuwa nao, lakini niliwaamini, maana Wagiriki na rumba wana undugu wao. Studio ya Ngoma, iliyofunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, ilikuwa ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis, na Loningisa, alikoanzia Franco, ilikuwa ya Mgiriki mwingine, Basile Papadimitriou. Mjini kwetu anayekuuzia kitu cha zamani anakuuzia na historia yake, na historia ina bei yake pembeni.

Wakati wa kulipa, mama mwenye nyumba aliinyanyua kila noti akaielekeza dirishani. Noti ya dola 20 ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni, hata ukucha ni mrefu. "Mwalimu, hii imekufa," akasema, akanirudishia kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba. Mgeni hawezi kulielewa jambo hili. Faranka yetu inaweza kuunganishwa kwa selotepu, ikaandikwa namba ya simu ya mtu na kunuka samaki, ikapita mikononi bila maswali. Dola lazima iwe bikira. Ikabidi noti yangu marehemu niipeleke kwa mbadilisha fedha wa barabarani, ambaye aliizika kwa dola 17.

Sasa Lenco zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima. Mkono wa sindano umekaa juu ya vipande viwili vidogo vya mpira, na baada ya miaka hamsini mpira huo unageuka unga. Mkono wetu ulikuwa unayumba hovyo. Fundi wa mtaani, ambaye siku nyingine hutengeneza pasi na redio za polisi, aliuchunguza, akanyamaza, kisha akauliza nani ndani ya nyumba ana kandambili nene. Kisigino cha kandambili ya bluu ya kitinda mimba kikachongwa kwa wembe, vipande viwili sawasawa, vikaingia mahali pake bila gundi. Mtoto alilia. Mkono ukasimama.

Ukasimama, ila sindano bado ilikuwa inaruka. Ulimwenguni kote watu huweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili itulie. Wataalamu wanalaani mtindo huo, wanasema uzito unaila santuri. Waje na mizani yao. Shida yetu ilikuwa nyingine: Kongo hatutumii sarafu, fedha yetu yote ni makaratasi. Tuliuliza mtaa mzima. Mwishowe dereva wa lori lililotoka Bunia akatoa mfukoni shilingi 100 ya Uganda. Wenzetu wa nje wajue kwamba mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, sisi tukiwa katikati. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Sarafu ile nimeipokea kama malipo ya awali.

Ampli nitaisimulia kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Tulianza na ile ya Kichina ya kijana wangu, yenye taa za rangi saba na tundu la kuchomeka flashi. Sauti ikatoka ndogo mno, hata tukadhani santuri imechoka. Fundi akaeleza kwamba sindano ya sumaku inatoa milivolti chache tu, nazo zinahitaji ampli ya zamani yenye mlango wake maalumu wa santuri, mlango unaozikuza na kuirudishia besi sehemu iliyopunguzwa wakati wa kukata santuri. Tukapata Pioneer ya Japani, nzito, nzuri, mbele yote chuma. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba inakula umeme wowote. Fundi akatazama plagi yake yenye fito mbili bapa, akageuza mgongo wa ampli, akasoma: volti 100. Kwetu ni 220. Tungeichomeka, ingeimba mara moja tu. Transfoma ya kuiteremshia umeme, iliyosukwa kwa waya wa shaba kutoka mashine ya kuchomelea iliyokufa, ilinigharimu zaidi kuliko ampli yenyewe, na inaunguruma sana hata wageni huuliza tunasaga nini.

Bafle zilikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye baa iliyofungwa. Kila moja ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mwenye mtumbwi alizitazama, akanitazama mimi, akatoza nauli ya abiria wawili. Nikamwambia hizi ni mbao tupu, hazina roho. Akajibu kwamba zinakaa mahali pa watu. Basi zikavuka mto Kongo zimekaa kwenye ubao wa katikati, zimetazamana na mama wawili wenye mabunda ya pondu, kisamvu chetu, na njia nzima abiria walidai burudani. "Mwalimu, tuwekee hata moja!" Mmoja alizigonga kwa vidole, akaweka sikio, akawatangazia wenzake kwamba ndani kuna mtu. Tulicheka wote. Ng'ambo hii tulipakia moja kwa kila toleka, baiskeli ya abiria, na vijana wawili wakazinyonga kupanda kuelekea kwetu Mangobo, wakipiga kelele wapishwe njia kwa ajili ya orkestra.

Yule abiria hakukosea sana. Jioni ile jenereta iliwashwa, sindano ikashushwa kwenye santuri ya Abeti Masikini, mzaliwa wa mji huu, aliyezaliwa ungali unaitwa Stanleyville. Besi ilipopiga mara ya kwanza, kwenye tundu la chini la bafle ya kushoto alichungulia mende. Besi ya pili, wakatoka watano. Kufika kiitikio, ukoo mzima ulikuwa sakafuni, wazee kwa watoto, waliokulia kwenye baa na kuzoea bia iliyomwagika. Walitoka kwa mpangilio, kwa kweli. Nadhani wimbo waliujua. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua ufagio, na bafle zikalala nje siku mbili, juani, midomo wazi. Hapo ndipo tulipoona kwamba sponji ya ukingoni, inayoshika karatasi ya spika, ilikuwa imeliwa na unyevu wa kwetu. Fundi akaishona upya kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akakosea waya mmoja, chanya kwa hasi, bafle moja ikawa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi yote ikapotea hewani. Tuliitafuta jioni nzima, hadi waya ulipogeuzwa.

Lakini somo kubwa lilikuwa umeme. Umeme wa mji una ratiba yake, ambayo hatujawahi kuonyeshwa. Ukikatika, tunavuta waya kutoka jenereta ya jirani mwenye saluni. Taa hazijali, simu hazijali. Mota ya Lenco inajali sana, kwa sababu mwendo wake unafuata hasa hezi za umeme. Jenereta ndogo hutoa hezi 50 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikibebeshwa mzigo inapumua kwa shida, inapunguza mwendo, hezi zinashuka, na santuri inashuka nazo. Kwa hiyo kila mteja wa saluni akikaa chini ya drayer, Tabu Ley, mwenye sauti ile nyororo ya juu, anaota ndevu. Nywele zikikauka, drayer ikazimwa, anarudi kijana kwa ghafla, wapiga gitaa wanamkimbilia nyuma. Jumamosi, siku ya harusi, anabadilika umri mara nyingi kuliko serikali.

Hapo Waswisi walituokoa bila kujua. Ndani ya Lenco mhimili wa mota umechongwa mfano wa koni, na gurudumu dogo la mpira linasogea juu yake: likienda upande mnene sahani inakwenda mbio, upande mwembamba inapoa. Kijiti cha kulisogeza kiko nje, unakiteleza kwa kidole kutoka mzunguko wa 16 hadi 78. Kijana wangu wa pili amepewa kazi. Anakaa kwenye kigoda, mkono kwenye kijiti, sikio saluni. Akisikia drayer inawashwa, anasukuma. Ikizimwa, anavuta. Wageni wanamwita dereva. Ameshajua kwa majina mama wote wanaopenda nywele kavu kabisa.

Shida ya umeme kukatika ni kwamba huwa unarudi. Usiku mmoja ulikatika katikati ya wimbo, kila mtu akaenda kulala. Ukarudi saa sita usiku, na sauti ilikuwa imefunguliwa yote. Barabara nzima iliamka. Mzee mmoja jirani alitoka na tochi, akasimama uani, akakumbusha kwamba wimbo wa Wendo Kolosoy, Marie-Louise, wa mwaka 1948, ulisemekana ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu. Akataka kuhakikishiwa kwamba huu siyo huo. Tulimhakikishia. Alikaa, akaomba tuurudie kutoka mwanzo.

Tangu hapo mtaa ulikoma kulalamika ukaanza kualikana. UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021. Mangobo waliidhinisha uamuzi huo kwa kuleta viti vyao wenyewe. Santuri zetu nyingi ni zile ndogo za mzunguko wa 45, na hizi zina utaratibu wake: wimbo umekatwa vipande viwili, upande A mwimbaji anaeleza matatizo yake, upande B gitaa zinafunguka, sebene inaanza, watu wanainuka. Muuzaji wangu wa santuri hukusikilizisha upande A tu. Niliyoinunua ya OK Jazz, bendi ya Franco, yenye lebo ya Éditions Populaires, kampuni yake mwenyewe, ilikuwa na upande A unaong'aa na upande B uliochimbwa.

Usiku wa viti tuliigeuza. Gitaa zikaingia, watu wakainuka, na baada ya muda mfupi sindano ikanasa. Ilikuwa inarudia vipimo vilevile, tena na tena. Nikanyanyuka kwenda kuisogeza, fundi akanishika mkono. Hakuna aliyegundua. Sebene ni kurudia, na hii ilikuwa inarudia kwa uaminifu usio wa kawaida. Walicheza mpaka jasho likawalowesha, wengine wakisifu pumzi za wapiga gitaa wa zamani. Mama watoto alikuwa katikati, kanga kiunoni, mabati yamesahaulika. Ni dereva wetu peke yake aliyekuwa ananitazama kwa wasiwasi, kidole kwenye kijiti, hajui asukume au avute.

Ndugu msomaji unayekwenda Nairobi, pita Kenyatta Market, mahali penye santuri, uniulizie sindano ya Shure M75. Shure wenyewe, kule Marekani, waliacha kutengeneza vitu vya santuri mwaka 2018, lakini Wajapani wa Jico hutengeneza za kubadilishia. Ukiona na santuri za OK Jazz, sikiliza pande zote mbili kabla ya kulipa. Na muuzaji akitaka kukupa mota ya akiba, akakuuliza umeme wetu ni wa hezi ngapi, mwambie inategemea saluni.