Simu na Paka wa Forodhani

Baada ya Magharibi, Forodhani, Unguja. Simu imelazwa mezani kando ya sahani ya pweza. Mwenyewe kaenda kuagiza maji ya miwa. Paka katokeza kichwa chini ya benchi.

SIMU: Shikamoo, bibi.

PAKA: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna?

SIMU: Nimetukanwa. Picha kumi na nane za muuza mishikaki, zote chengachenga. Bwana kaniita feki.

PAKA: Hebu geuka. (Ananusa.) Jicho lako linanuka mafuta ya kachori!

SIMU: Kidole chake hicho. Ndiyo maana kila taa inatoka na mkia.

PAKA: Hakufuti?

SIMU: Hufuta kioo cha mbele, apate kujitazama.

PAKA: Mimi mchana mboni ni uzi, usiku zinakuwa duara. Wewe je?

SIMU: Tundu langu halitanuki. Nilichonacho ni kukaa wazi muda mrefu. Juani hunitosha sehemu moja ya elfu ya sekunde. Usiku nataka sekunde mbili tatu: napiga picha kadhaa, nazipanga moja juu ya nyingine. Katika sekunde hizo yeye keshaitikia salamu za watu wawili na kupokea chenji.

PAKA: Mie nikivizia panya, hata sharubu hazitikisiki.

SIMU: Laiti angeniegemeza popote, akaweka saa ya sekunde 3, akaondoa mkono! Lakini wapi, anavuta kwa vidole viwili. Bibi, mimi sisogei! Nakata kipande cha picha nakitanua kama chapati mpaka kinatoboka. Na muuza mishikaki yuko hatua nne tu, tena chini ya taa.

PAKA: Juzi si aliwasha flashi apige majahazi kule baharini?

SIMU: Mwanga wenyewe unafika hatua chache.

PAKA: Ulinifika mimi. Nimetoka na macho ya kijani kama jini, kisa kile kioo kilicho nyuma ya macho yangu.

SIMU: Na anavyojisifia! Eti megapikseli 108.

PAKA: Ndiyo nini hiyo?

SIMU: Chembe za kupokea mwanga. Ni ndogo mno; usiku nazikusanya tisa tisa ziwe moja inayoona. Zinabaki 12.

PAKA: Kalipia 108, anatumia 12?

SIMU: Usimwambie, bibi. Bado analipa kwa mafungu.

(Bwana anarudi. Anaifuta Simu kwa ncha ya shati, kwa bahati tu, anaiegemeza kwenye gilasi ya miwa, anaweka saa, anakimbilia upande wa pili wa meza ajipige mwenyewe chini ya taa. Tatu. Mbili. Moja.)

Picha ikatoka. Paka yuko juu ya meza, ametulia kama jiwe, kila unywele wa sharubu unahesabika, na mnyiri wa pweza mdomoni. Nyuma yake kuna ukungu mrefu wenye mikono miwili, unaielekea sahani.