Namna ya Kuifukuza Shilingi ya Mkandarasi Kasulu

Vaa viatu vigumu. Shilingi ya mjenzi hukimbia kuliko lori la moramu, nawe utaifuata kwa miguu.

Anza kwa kujua jina lake. Si zawadi, wala hisani ya tajiri. Ni ushuru wa huduma, haki ya halmashauri chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290: ni sehemu ndogo ya mapato ghafi ya kampuni, VAT ikishatolewa. Sasa tazama barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, uone fedha iliyopita mbele ya milango yetu.

Ujue pia mlango wa kubisha. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Ukiuliza habari za Makere, iliyo upande wa Wilaya, kwa watu wa Mji, utarudi na vumbi tu. Na usimkabe diwani kwa shimo la barabara ya mtaani: tangu 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Hapa ndipo panaponiuma. Anayekusanya ushuru ni mmoja, anayechimba mtaro ni mwingine, na mama wa Murubona anazungushwa ofisi hadi ofisi huku maji yakiingia sebuleni. Madiwani wawaite hao wote meza moja kabla bajeti haijapita. Mvua haisubiri kikao.

Ushuru ukishaingia, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Hiyo usiiguse, dai inayobaki.

Kisha nenda mkutanoni na daftari. Baraza la madiwani liko wazi kwa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Uliza nani amelipa, kiasi gani, kimejenga nini. Ukiambiwa mchakato unaendelea, omba tarehe, iandike, uisome kwa sauti.

Mkiulizwa mnataka nini, elekezeni kidole kwenye boma la darasa mlilolipandisha kwa tofali zenu wenyewe. Fedha ya kwanza ikanunue bati.