Sifa za Bei ya Kwanza

Bei ya kwanza haina mtetezi. Mtalii anailaani, hoteli zinawatahadharisha wageni wasiikubali, vitabu vya safari vimeiandikia dawa (igawe kwa mbili, kisha ondoka kama umekasirika), na hata watoto wa Pwani wanaofanya kazi Nairobi wakirudi Desemba wanaisema kama ugonjwa walioukuta ufukweni. Mwenye kuitaja mwenyewe ukimkazia macho anaikana papo hapo: "Hiyo si bei, mamangu, hiyo ni ya kuongea tu." Kitu kikishakanwa hata na aliyekizaa, kinahitaji wakili. Nimejitolea.

Nianze na adabu yake, maana ndiyo watu wasiyoiona. Kijana wa kibandani Malindi anayekutajia elfu nne na mia tano kwa bakuli la mti wa mkilifi amekutazama viatu, saa, na namna ulivyoshuka kwenye tuktuk bila kuuliza chenji, akakata shauri kwamba wewe ni mtu mzito. Nani mwingine amekuheshimu hivyo mwezi huu? Benki yako haiwezi, inajua ulichonacho. Nyumbani hawawezi, wanajua unachodaiwa. Mtu pekee duniani anayekudhania utajiri bila ushahidi ni huyu, na shukrani yake ni kuitwa mwizi.

Halafu kuna faida za elimu. Pale Kilifi, basi la kwenda Malindi likisimama, mikono inaingia madirishani na pakiti za korosho. Zamani watu walisubiri feri na muda wa kununua ulikuwa tele. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991, biashara yote inafanyika kwa dakika chache, na ndani ya dakika hizo abiria anasomeshwa uchumi mzima. Basi likiwa limezima, pakiti ni mia tatu. Dereva akiwasha injini, mia mbili. Gurudumu likizunguka, mia na hamsini. Muuzaji akiwa anakimbia ubavuni, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha, ni mia, "shika, shika, nirushie!" Wanafunzi wetu wanalipa karo waambiwe kwamba bei hutegemea muda uliobaki. Hapa somo ni bure, na unabaki na korosho.

Watu hudhani bei ya kwanza ilikuja na watalii. Historia ya Malindi inasema kinyume: mji huu uliwahi kujaribu kuishi bila bei ya kwanza, ukaona cha mtema kuni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Mnyama huyo wetu wa kula majani ya miba alipofika kule, Wachina waliona qilin, mnyama wa heri anayetokea enzi ya mtawala mwema. Muuzaji hakufungua mdomo. Mnunuzi mwenyewe alitaja bei ya kwanza, tena ya mbinguni. Hao wazee walijua kazi.

Sasa njoo Pasaka ya mwaka 1498. Baharia Mreno Vasco da Gama anatia nanga mbele ya Malindi akitokea Mombasa, ambako hawakuelewana na wenyeji. Anampelekea mfalme zawadi: joho, marijani, kofia, vikengele, vitambaa vya mistari, na mabeseni matatu ya kunawia. Tafadhali yaangalie hayo mabeseni. Mama yeyote wa soko la leo angeyageuza juu chini, akayagonga kwa ukucha asikie mlio wake, akauliza mengine yako wapi. Mfalme wetu aliyapokea, akarudisha kondoo sita pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Mgeni alipoona rubani aliyeahidiwa anachelewa, akamzuia mjumbe wa mfalme melini hadi rubani aletwe. Rubani akaletwa. Hakuna aliyesema "ongeza kidogo." Tarehe 24 Aprili wakatweka matanga, na kabla ya mwezi mmoja kwisha walikuwa Calicut, India.

Calicut ndipo walipokutana na mji unaojua soko. Wareno walitembezwa kama watalii wote: watu wakajaa njiani kuwashangaa, wakapelekwa kwenye hekalu la Kihindu, wakadhani ni kanisa, wakasali humo. (Siwacheki. Nimewahi kumsikia mgeni Malindi akisimulia habari za msikiti akiwa mbele ya ghala la samaki.) Kisha da Gama akatoa zawadi za Zamorin, mtawala wa mji: vitambaa, kofia, marijani, sukari, mafuta, asali, na mabeseni tena, safari hii sita. Wakuu wa pale walicheka. Wakamweleza kwamba mfanyabiashara maskini kabisa anayetoka Makka huleta zaidi ya hayo, na kwamba mfalme huletewa dhahabu. Mabaharia wakaingia sokoni na walichokuwa nacho, mpaka mashati, ili wapate karafuu, mdalasini na vito vichache. Shati zuri lililokuwa na thamani ya reis 300 kwao Ureno liliwapa kama 30. Nikisoma habari hizo nahisi ninasikia sauti ya muuzaji wa Calicut akilikunjua shati, akalinyoosha juani, akaguna.

Mabeseni yale yale, bahari ile ile, ndani ya wiki chache. Calicut walicheka, Malindi tulitoa kondoo.

Na tulipata nini? Aliporudi Januari 1499, da Gama alituachia msalaba wa mawe aliouleta kutoka Ureno, ule ambao sasa umekaa juu ya nguzo nyeupe kwenye rasi ya Malindi na kila mgeni anapigwa picha chini yake. Tulikuwa rafiki wa Wareno kwa karibu miaka mia. Kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus Mombasa, kwa yule jirani aliyewakatalia, wakahamia huko na mtawala wetu wakamchukua. Malindi ikanywea. Huo ndio mwisho wa mji uliotaja bei ya mwisho kabla ya kuulizwa.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba Calicut ilipigwa mizinga mwaka 1500 na tena 1502, na Mombasa ikachomwa 1505. Kweli tupu. Lakini wao walipata hasara baada ya kukataa. Sisi tulipata hasara na kondoo tukatoa.

Kwa hiyo kijana wa ufukweni anapomtajia Mzungu elfu sita kwa bangili, mnamwonea mkimwita mlafi. Anadai deni la kondoo sita na riba ya miaka mia tano na kitu, na anapokubali elfu moja na mia mbili amesamehe zaidi ya benki yoyote ninayoijua. Mtalii akiwa Mwitaliano, kama wengi wa Malindi walivyo, deni si lake kwa ukoo, hilo nakiri. Lakini naye haulizi kama huyu kijana anayemsalimia kwa Kiitaliano fasaha, akampa na "prezzo buono", alikisomea wapi. Amekisoma hapo hapo mchangani, katikati ya bei ya kwanza na ya mwisho, bila mwalimu na bila karo.

Hata historia yenyewe inauzwa hivyo. Ukifika kwenye ile nguzo bila kitabu, utaambiwa rubani wa da Gama alikuwa Ibn Majid, baharia mkubwa wa Kiarabu aliyeandika vitabu vya elimu ya bahari. Hiyo ni bei ya kwanza. Wanahistoria wameikataa zamani. Ukibishana kidogo utashushiwa hadi mwalimu wa bahari kutoka Gujarat, ambaye ndiye wanayemtaja waandishi wa Kireno. Mimi humpa bakhshishi yule anayeanza na Ibn Majid. Anayeanza na ukweli ananinyima kazi.

Gede sina mengi ya kusema juu yake, ila moja. Mji ule wa mawe uko mwendo mfupi tu kutoka Malindi, na Wareno walioishi hapa miaka yote hiyo hawakuandika hata mstari mmoja kuuhusu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alikuta vyombo vya kaure vya China, mkasi wa Kihispania na taa ya chuma kutoka India. Watu wa Gede walinunua dunia nzima bila muuzaji Mreno kujua wanakaa wapi. Hiyo nayo ni namna ya kupatana bei. Ilipofika Julai 2024 magofu hayo yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, katika mkutano uliofanyika New Delhi, na sasa pale langoni kuna ubao: raia kiasi hiki, mkaazi kiasi kile, mgeni kiasi kikubwa zaidi. Kumbe Serikali nayo ina bei ya mgeni. Tofauti ni kwamba yake haishuki, na mkata tiketi hakuambii "kwa sababu ni wewe."

Na wale wanaokuja kutafuta kitu halisi cha Pwani, nawaombea subira. Kanga zetu nyingi huchapwa India. Tuktuk iliyokuleta ni Bajaj, ya India pia. Masanduku ya kale ya njumu za shaba, yanayoitwa ya Kiswahili kwa bei ya kuumiza moyo, mengi yalivuka bahari kutoka Surat na Bombay. Ukitoa vinyago, mabakuli ya mkilifi na kofia zilizofumwa kwa mkono, bidhaa ninayoweza kukuapia kwamba imetengenezwa hapa hapa, mbele ya macho yako, na kwa kipimo chako wewe peke yako, ni bei ya kwanza.

Duka la bei moja sina ugomvi nalo. Bei imebandikwa, mashine inalia tiii, unatoka. Lakini umewahi kumsikia mtu akisimulia alivyonunua sabuni huko? Majuzi nilikuwa nimekaa kivulini karibu na vibanda vya Malindi, nikimtazama mama mmoja wa makamo aliyesimama mbele ya vikoi. Kijana alimtajia elfu mbili na mia nane.

"Kijana wangu, kwani kimefumwa kwa dhahabu?"

"Mamangu, taja yako. Kutaja si kununua."

"Mia sita."

Kijana akacheka kama aliyetekenywa, akageuka kumwambia jirani yake, jirani naye akacheka, kwa adabu tu. Akavuta uzi mmoja kwenye ukingo wa kikoi, akauwasha kwa kiberiti, ukateketea ukabaki jivu jepesi. Akalisugua jivu kati ya vidole, akamwonyesha: pamba, mamangu, ingekuwa nailoni ingeganda kama gundi. Mama akavaa miwani, akalitazama lile jivu kama hati ya shamba. Akasema elfu moja, basi, na kikoi ni cha bwana harusi wa bintiye, hivyo asidhani ananunua anasa. Harusi wapi? Nakuru. Ya lini? Kijana akasema hongera, akashuka hadi elfu moja na mia sita kwa sababu ya harusi. Mama akaondoka. Akafika kibanda cha tatu, hajageuka, lakini niliona mwendo wake umepungua.

"Mama Nakuru! Mama wa bibi harusi! Rudi tusikosane!"

Akarudi. Wakapatana elfu moja na mia mbili. Katika muda ambao mteja wa duka kuu angekuwa hajamaliza foleni, kijana alishajua mji wa mteja wake, bintiye na mkwewe mtarajiwa, na mama alishajua kupima pamba kwa kiberiti. Kikoi kikakunjwa, kikatiwa kwenye mfuko. Mama akatoa simu kulipa kwa M-Pesa.

"Tuma na ya kutoa, mamangu," akasema kijana.

Mama akashusha simu, akamtazama juu ya miwani. "Kwani ya kutoa ni ngapi?"

Ada ya kutoa pesa imeandikwa ukutani kwa kila wakala nchini Kenya na haina mjadala. Kijana akatazama juu kidogo, akafikiri, akamtajia yake.

"Wee!" akasema mama, akauweka mfuko chini.